Siku niliyofundishwa upya kukaa kwenye mbuzi

Kijana wa fiziotherapia aliniamkia, akanivutia kiti, kisha akaniuliza swali ambalo kwa miezi 8 hakuna aliyeniuliza: "Mwalimu, nyumbani huwa unakaaje?"

Ilikuwa Tanga, mapema mwaka 2019. Nilikuwa na miaka 41, na nyonga ya kulia ilikuwa ikinitesa tangu Ramadhani iliyopita. Maumivu yalikaa ndani kabisa ya kinena. Yalinichoma nikiinama kuvaa viatu, nikishuka daladala, na zaidi ya yote nikienda sijida. Kituo cha kwanza nilikokwenda niliambiwa ni baridi yabisi, nikapewa vidonge vya diklofenaki. Jirani akanishauri nilale chali, nivute goti hadi kifuani kila asubuhi ili msuli ulegee. Nilivuta kwa bidii, na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyozidi kuumia. Nikaishia kusali juu ya kiti, pamoja na bibi zetu, na moyo ukanijaa huzuni. Ndipo nikapigwa picha ya eksirei, daktari wa mifupa akasema nyonga inabana, akanielekeza kwa kijana huyu.

Alinilaza kitandani, akakunja goti langu, akalipeleka upande wa pili wa mwili huku akiuzungusha mguu kwa ndani. Nikapiga ukelele.

"Pole sana, mwalimu. Hapo ndipo?"

"Hapo hapo, mwanangu."

Alikunja ngumi, akaifunika kwa kiganja cha mkono wa pili. Ngumi ni kichwa cha mfupa wa paja, alisema, na kiganja ni kikombe cha nyonga. Kuna watu ambao ngumi yao ina nundu. Mimi ni mdomo wa kikombe uliozidi kidogo. Paja likikunjwa sana, mfupa unaugonga ule mdomo, na ukingo laini ulioko pale unafinywa katikati. Nikaelewa kwa nini zoezi la jirani lilikuwa likiniumiza: kila asubuhi nilikuwa nikijifinya mwenyewe.

Nikamuuliza kama mazoezi yataukwangua huo mfupa.

"Hapana. Mfupa utabaki vilevile. Tutabadilisha misuli inayouongoza, na namna unavyoutumia." Akaongeza kwamba hanifichi: upasuaji upo, wa kupitisha kamera kwenye matundu madogo, na utafiti wa Uingereza uliotoka 2018, wa wagonjwa 348, ulionesha waliopasuliwa na waliofanya mazoezi wote walipata nafuu, ila waliopasuliwa walipata zaidi kidogo. Uwezo wangu na nafasi yangu vilinielekeza kwenye mazoezi. Lakini kwa kule kuniambia yote, nilimwamini.

Kisha akaleta kigoda kifupi. "Haya, nioneshe unavyokuna nazi."

Nikakaa kama nilivyofundishwa na bibi yangu nikiwa na miaka 7: magoti yamefungwa pamoja, miguu imelazwa upande, mgongo umeinama mbele. Bibi alikuwa akinipiga kofi dogo la paja magoti yakiachana. Mtoto wa kike hakai hivyo. Kijana alinitazama kimya, halafu akasema kwa upole kwamba mkao huo ndio ule ule alioufanya kitandani: paja limekunjwa, limezungushwa ndani, uzito wote mbele. Na mimi nakuna nazi karibu kila siku.

Nililia. Si kwa maumivu. Nilimkumbuka bibi, na nikaona ni heshima kiasi gani nilikuwa nimeibeba ndani ya kiungo kile.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na makuu. Kulala chali na kuinua makalio kama daraja. Kulala ubavu na kupandisha mguu taratibu. Kutembea kiubavuubavu nimefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya magoti. Yalichosha makalio kuliko nilivyodhani, na wiki ya 3 nilitaka kuacha. Wiki ya 12 nilisujudu juu ya mkeka, magoti yameachana kidogo kama alivyonielekeza, na nikakaa pale muda mrefu.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile ya kwanza. Niliweka mbuzi juu ya benchi la uani, nikaikalia kwa juu, miguu yote miwili chini, magoti wazi. Mama alitoka jikoni akasimama. Nilidhani atanikemea. Nikamweleza: ngumi, kiganja, kikombe. Alisikiliza hadi mwisho bila neno. Akaingia ndani, akarudi na kanga, akanifunika mapajani, akaichomeka vizuri pande zote mbili.

"Kuna, mwanangu," akasema, akanisogezea kizio cha pili.