Maharagi isilale mu nyungu kubwa

Bamama, badada, na nyinyi bakaka benye munajipikiaka, leo nataka tuongee ju ya ile nyungu ya maharagi yenye inalalaka kwa mbabula. Hapa kwetu Bukavu nyumba mingi inapikaka mara moja tu, mangaribi, ju makala iko bei na maharagi inakulaka makala sana. Basi unapika mingi, munakula, yenye inabakia unaifunika unaiacha pale pale ju ya majivu yenye ingali na kamoto kidogo, asubui unachocha tena, batoto banakula mbele ya kuenda ku masomo, na mu fikra yako umechunga chakula vizuri ju haikupola kabisa.

Ile vuguvugu njo adui. Mikrobi ya chakula inapenda katikati ya degre 5 na degre 60, na nyungu kubwa yenye imefunikwa inaweza kukaa pale katikati usiku muzima. Mutu ataniambia, "lakini ilichemuka masaa mingi, mikrobi gani ingali?" Iko. Kuna zenye zinajifungaka ndani ya ganda nguvu kama mbegu, kuchemusha haiziuwe, zinangojea tu nyungu ianze kupola polepole, hapo zinaamuka na kuzaa. Ile ya nyama na maharagi benye kusoma banaiita Clostridium perfringens, yenyewe ikisha kuamuka na kutoka mu ganda, ukichemusha tena chakula mpaka inatoa mapovu kila pahali, si pembeni tu, unaiuwa. Lakini ya muchele, Bacillus cereus, inaweza kutupa sumu mu muchele wakati uko inje, na ile sumu hata uchemushe tena haitoke. Njo maana mi naogopaka muchele ya jana kuliko nyama ya jana, na batu wengi banafanya kinyume, nyama banainusa banatupa, muchele banasema "iko safi, haina arufu". Arufu hapa haikuambie kitu.

Sasa bila frigo, ao na frigo yenye kura inakatika kila saa, tufanye nini? Mi nasema tupike kidogo, ya kumaliza. Najua jibu: makala. Ndiyo, na njo pale kuloweka kunasaidia sana, na inaniuma kuona tunaiacha. Loweka maharagi usiku, asubui mwanga ile maji, weka maji ingine, utaona vile inaiva mbio, na makala yenye ulikuwa unamaliza kwa nyungu moja kubwa inaweza kukupikia ndogo mbili kwa siku mbili. Tukumbuke pia sisi tuko juu, Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, maji yetu inachemuka ku degre 95 hivi, haifikie 100, kwa hiyo maharagi inachelewa kuiva hapa kuliko Kinshasa. (Kwa maji ya kunywa musiogope, ile 95 inatosha kuuwa mikrobi yenye inatugonjesha, hata ya kolera.) Na maharagi nyekundu iko na sumu yake mwenyewe kama ingali mbichi, kwa hiyo ichemuke kwa nguvu nusu saa nzima mbele ya kupunguza moto. Kuiachilia tu ku majivu mpaka ilainike, hapana, maharagi ya nusu mbichi inatapisha mutu vibaya.

Kama uko na frigo, usingojee nyungu ipole yenyewe mpaka usiku katikati. Gawanya mu sahani ama bakuli za chini-chini, ziweke mu beseni ya maji baridi, badirisha maji mara moja ao mbili, na mbele ya masaa mawili yote iwe imeingia. Kura ikikatika usifungue-fungue mulango, frigo yenye imefungwa inachunga baridi masaa ine hivi, kisha pale hesabu ile chakula kama ya inje.

Sambaza, zile samaki kidogo-kidogo za ziwa Kivu, sitaongea sana, bamama ya Kadutu banajua: ya asubui ikaangwe siku ile ile, na kisu chenye kilikata nyama mbichi kisikate nyanya ya pilipili mbele ya kuoshwa na sabuni.

Yenye inanisumbua zaidi ni bilio na mariaji. Nyungu kubwa-kubwa, muchele umepikwa tangu asubui, wageni banafika mangaribi, mu katikati hakuna moto wala baridi. Benye munapangaka ile kazi, pikeni muchele mara mbili, nusu asubui nusu mangaribi, hata kama bapishi banalalamika. Na mama mwenye nyumba akikufungia sahani ya kupelekea batoto, pokea kwa heshima, toa aksanti, nyama ichemushe tena mpaka mapovu, muchele usibapatie.