Plagi isiyokuwepo

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha Sayansi darasa la sita, katika kijiji kimoja cha Ukerewe. Somo la injini tulilianzia nje, chini ya mwembe, maana sikutaka watoto wakariri mishale ya kitabuni. Mmoja akawa pistoni: akichuchumaa ameshuka, akisimama amepanda. Wawili wakakaa pembeni, mikono yao ndiyo valvu, milango ya kuingiza na kutoa. Kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Walirudia mpaka wenyewe wakaanza kusahihishana.

Kijana wa bodaboda akatufungulia plagi ya pikipiki yake, kile kifaa cha kutoa cheche, akaichomeka tena kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Cheche ya bluu ikaruka kwenye kile kipenyo kisichofika hata milimita moja. Watoto wakapiga kelele. Ikabidi arudie mara tano.

Binti mmoja, baba yake mvuvi, akauliza, "Mwalimu, mashine ya mtumbwi wetu nayo ina plagi, lakini petroli yake inachanganywa na oili. Mbona ya pikipiki haichanganywi?"

Hilo nililimudu. Injini ya mtumbwi ni ya hatua mbili, si nne kama ya pikipiki. Petroli na hewa hupitia kwanza chini ya pistoni, kwenye krenki, ndipo zipande juu kuwaka. Huko chini hakuna oili iliyohifadhiwa kama kwenye pikipiki, kwa hiyo ya kulainisha vyuma inabidi isafiri ndani ya petroli. Ndiyo maana mtumbwi unaacha moshi nyuma yake.

Tukaenda kwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa ya dizeli, silinda moja, gurudumu zito la chuma ubavuni na pipa la maji ya kuipoza. Kina mama walikuwa kwenye foleni na ndoo zao za udaga, yaani muhogo mkavu, wakakubali kutusubiri. "Shikamoo babu!" watoto wakaamkia kwa pamoja, na mzee mwenye mashine akaizima ili tusikilizane.

Yule binti akaizunguka yote, akainama, akainuka. "Mwalimu, plagi ya hii iko wapi?"

Sikujua. Nikamjibu, "Iko ndani, kwa nje haionekani."

Mzee akanitazama, akanyamaza.

Jioni nikarudi kwake peke yangu. "Mwalimu, dizeli haina plagi," alisema taratibu. Hakuwa ametaka kunisahihisha mbele ya wanafunzi wangu. Akafunga dizeli, akainua kijiti cha kuachia pumzi, akanipa hendeli. Nikazungusha polepole, ikawa nyepesi. Alipokishusha, hendeli ikagoma mkononi kama imeshikwa na mtu upande wa pili. "Hiyo inayokugomea ni hewa," akasema. "Ikibanwa hivyo inapata moto. Halafu nozeli inaipulizia dizeli."

Baadaye nilisoma kwamba hewa hiyo hubanwa mara 15 hadi 20 na zaidi, ikapita nyuzi joto 500. Dizeli ikipuliziwa humo inawaka yenyewe. Lakini mkono wangu ulishaelewa kabla ya hizo namba.

Asubuhi nilikusanya madaftari. Katika la yule binti, kwa mwandiko mzuri uliopigiwa mstari kwa rula: "Plagi ya mashine ya kusaga iko ndani." Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nikawaambia darasa zima kwamba jana sikujua, nikajibu kama ninayejua, na kwamba sentensi ile ifutwe.

Nikatoa pampu yangu ya baiskeli, nikaziba tundu kwa kidole, nikasukuma kwa nguvu mara nyingi, kisha nikawapitishia waguse sehemu ya chini. Binti alipogusa akarudisha mkono haraka, akagusa tena, safari hii akauacha. Nikawasimulia habari za Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, na jinsi kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya aina hiyo ilivyoendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karanga walizijua vizuri, nyumbani wanalima. Hawakuniachia hapo, wakataka kujua ni debe ngapi.

Saa nne, wakati wa mapumziko, nilimwona yule binti akikata uwanja kuelekea kwa babu wa mashine, pampu yangu mkononi.