Ripoti zangu nilizitoa kupitia printa

Kwa miezi saba niliwaandikia wenye programu yetu ya hesabu, nikajibiwa lile lile: marekebisho yako njiani. Ada ya matengenezo, elfu thelathini na kitu kwa mwaka, hawakusahau kuidai hata mara moja. Mizania ilikataa kulingana kila mwaka mpya ulipoanza, kitufe cha kupeleka ripoti Excel kilikufa tulipobadilisha Windows, na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hawakuiunganisha kamwe. Hilo la mwisho liliniuma zaidi. Duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu linauzia makandarasi kwa mkopo, na tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama isiyo na ankara ya eTIMS, kwa hiyo mkandarasi asiyepewa ankara hiyo huenda kwa jirani.

Nikaamua kuhama. Niliambiwa na zaidi ya mmoja, "Ingiza upya kwa mkono, ni wiki mbili tu." Ushauri mbaya huo. Leja (daftari kuu la hesabu) ya miaka minne ikiingizwa kwa mkono inazaa makosa mapya juu ya yale ya zamani.

Nilianza kwa PDF: chapisha, nakili, bandika kwenye Excel. Majina ya wateja yenye maneno matatu yalikula seli tatu, kiasi kikasogea, na baadhi ya debiti zikatua kwenye safu ya krediti. Kosa la namna hiyo lina alama yake: gawanya tofauti ya urari (orodha ya mabaki ya akaunti zote, ambamo jumla ya debiti na ya krediti hupaswa kulingana) kwa mbili, kisha tafuta kiasi kilicho sawa na nusu hiyo. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, shuku tarakimu zilizopishana, kama 5,400 iliyoandikwa 4,500. Nilipata makosa kumi na moja ya aina hizo, nikaacha njia hiyo.

Iliyofaulu ni hii. Programu nyingi zinazoweza kuchapisha zinaweza kuchapisha maandishi matupu. Kwenye Windows ongeza printa wewe mwenyewe, chagua tundu (port) linaloitwa FILE:, mtengenezaji Generic, aina "Generic / Text Only". Hakuna mashine yoyote ya kununua. Rudi kwenye programu, chapisha leja kwa printa hiyo, itakuuliza jina la faili, nayo safu zinatoka zimepangwa kwa nafasi. Chagua karatasi pana iliyolazwa (Landscape), la sivyo safu ya bakaa inakatwa ukingoni bila onyo lolote. Ripoti yenye nembo na mistari ya rangi hutoka ovyo, kwa hiyo tumia ile ya kawaida isiyo na mapambo.

Faili hiyo usiifungue kwa kubofya mara mbili. Iingize Excel kama maandishi ya upana maalum, uweke mipaka ya safu mwenyewe. Namba ya mteja na ya simu ziwe maandishi, maana 00417 itageuka 417 na simu itapoteza sifuri ya mbele. Tarehe ziweke mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Kompyuta ikiwa imewekwa kwa mtindo wa Marekani, 05/03/2023 inakuwa tarehe 3 Mei, nayo 25/03/2023 inabaki maandishi. Ukiona tarehe nyingine zimeegemea kushoto na nyingine kulia, futa uanze tena. Programu za zamani huweka alama ya kutoa nyuma ya namba, 1,250.00-, na Excel ina mahali pa kuikubali katika hatua ya mwisho, sehemu ya Advanced. Vichwa vya kila ukurasa viondoe kwa kuchuja mistari isiyoanza na tarehe.

Kwenye programu mpya sikuingiza miaka yote. Niliingiza urari wa 31 Desemba pekee, pamoja na ankara ambazo hazijalipwa, moja moja na tarehe zake halisi. Ukiweka jumla moja tu kwa kila mteja, ripoti ya umri wa madeni itakuonyesha deni la miezi minane kana kwamba ni la jana. Jumla ya wadaiwa lazima ilingane na akaunti yao kwenye urari hadi senti. Yetu ilipishana kwa 3,200, malipo ya M-Pesa yaliyoandikwa mara mbili.

Kompyuta ya zamani bado iko stoo, imetolewa kwenye intaneti, programu ikiwa ndani. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zikae miaka mitano, na faili zote za leja nimezinakili pia kwenye diski mbili, moja iko nyumbani.