Chupa ya Kila Mwisho wa Mwezi

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, Babu alinikabidhi kondoo wake 17 kule Magu, kando ya Ghuba ya Speke. Nilikuwa na C ya biolojia, nikajiona daktari.

Mjini Mwanza, karibu na stendi ya Buzuruga, muuzaji wa dawa za mifugo alinipa chupa ya levamisoli. "Hii haiui minyoo tu, kijana. Inapandisha na kinga." Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Kama inapandisha kinga, nilijiambia, kwa nini nisubiri waumwe? Kila mwisho wa mwezi nikawa nawanywesha, miligramu 7.5 kwa kila kilo, mzima na mgonjwa.

"Mbona hata yule jike mzee unamnywesha? Anaumwa nini?" Babu aliuliza.

"Namwongezea kinga, Babu."

Akanyamaza. Miezi iliyofuata, kila nilipoitoa chupa, jike yule mwenye sikio lililokatika alikuwa amefungwa mbali kwenye nyasi za ufukweni. Sikulitilia maanani.

Wakanenepa. Februari nikaenda kukaa kwa shangazi mjini kutafuta kazi, na chupa ikabaki kwenye paa. Masika ilipokolea Babu akapiga simu: kondoo wamevimba chini ya taya utadhani wamemeza maembe.

Nilipofika nilifunua kope, nikakuta nyeupe kama unga wa muhogo. Jike aliyekuwa amezaa wiki ile alikufa jioni hiyohiyo. Asubuhi, wengine wawili.

Bwana mifugo alimpasua mmoja. Tumbo la nne lilijaa minyoo myembamba kama uzi, wekundu na weupe umesokotana. Hao hunyonya damu, na jike wao mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku.

"Ulikuwa unawapa dawa?"

"Kila mwezi, mtaalamu. Wote."

Alikaa juu ya ndoo. Akanieleza kwamba mwanakondoo hazaliwi na kinga dhidi ya mnyoo huyu. Huijenga kwa miezi, akiishi na minyoo michache. Mimi niliwafagia minyoo kabla miili ya kondoo haijawajua. Tena minyoo waliosalimika kila nilipotia dawa ndio waliozaana, na huenda chupa yangu hawaiogopi tena. Jike anapokaribia kuzaa kinga hulegea hata kama ni mzoefu, ndiyo maana yule mzazi alitangulia.

"Kwa hiyo yule muuzaji alinidanganya?"

"Si kabisa. Levamisoli huchokoza chembe nyeupe za damu. Hata binadamu waliwahi kupewa, pamoja na dawa za saratani ya utumbo mpana. Lakini kumwamsha mbwa si kumwonyesha mwizi."

Alitoa dawa ya aina nyingine, akawanywesha wenye kope nyeupe tu. Niliuliza kuhusu waliobaki. "Waache na minyoo yao." Kauli hiyo ilinishinda kumeza, mkono wangu bado ulikuwa unaitafuta chupa.

Wa mwisho kukaguliwa alikuwa jike mzee. Kope nyekundu, taya kavu, anatafuna.

"Huyu ulimpa lini mara ya mwisho?"

Nikahesabu kwa vidole. Nikamgeukia Babu. Alikuwa anatazama mitumbwi ya dagaa.