Muswada uliorudishwa kabla ya kusomwa: jinsi nilivyourekebisha

Jarida lilirudisha muswada wetu wa ushauri nasaha kwa familia zenye selimundu, kwa kuwa wahakiki, ambao hawakupaswa kujua waandishi ni nani, wangeweza kutujua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi. Majina yalibaki kwenye sifa za faili la Word na maoni ya pembeni.

Majina, taasisi na shukrani nilizihamishia kwenye faili la jalada, nikakubali masahihisho yote, kisha nikafuta taarifa binafsi kwa kikaguzi cha hati cha Word (Document Inspector). Kibali cha maadili nacho hutaja chuo; kifiche.

Mchoro wa ukoo ndio nyeti zaidi: jirani huitambua familia hata bila majina. Niliondoa umri kamili, nikaeleza hivyo chini ya mchoro, na idhini ya maandishi ilikuwepo. Badiliko la HBB, jeni ya beta-globini ambayo badiliko lake huleta selimundu, niliandika c.20A>T, p.(Glu7Val), yaani asidi amino ya saba ya protini, glutamati, imekuwa valini; Glu6Val ni badiliko hilohilo kwa hesabu ya zamani isiyojumlisha methionini, asidi amino ya mwanzo.