Siku nzima kwa ajili ya dakika moja

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nashika ile simu ya zamani yenye kioo kidogo, nijaribu somo nililopakia jana usiku. Kompyuta nzuri ipo mezani, lakini wauguzi ninaowaandalia kozi hii hawakai na kompyuta zamu ya usiku. Wana simu, na bando wananunua kwa pesa zao. Picha ya kwanza imefunguka mara moja. Ya pili imezunguka mpaka maji yakachemka. Naandika daftarini: ipunguzwe.

Kozi ni ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Wakunga wanaijua Dakika ya Dhahabu: ndani ya sekunde 60 tangu azaliwe, mtoto awe anapumua mwenyewe au ameanza kupumulishwa kwa mfuko na barakoa. Kazi yangu yote ya leo ni hiyo dakika moja.

Saa 2. Naongea na daktari wa watoto, mtaalamu wetu wa maudhui.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Slaidi zangu umeziona?"

Nimeziona, zote 94. Hakuna hata moja yenye kosa, na ndiyo maana ni vigumu kuzipunguza. Lengo la kwanza ameliandika hivi: "Mshiriki aelewe fiziolojia ya upumuaji wa mtoto mchanga." Hilo neno "aelewe" napambana nalo kila kozi, kwa sababu kuelewa hakuonekani kwa macho. Nikamuuliza: daktari, umeingia wodini saa 8 usiku, mtoto ametoka, halii. Unataka umkute sista anafanya nini?

Akanyamaza. Kisha akaanza kusema harakaharaka, kama yuko humo wodini: aite msaada, amkaushe, asimwache apate baridi, kichwa akiweke sawa, asafishe njia ya hewa ikihitajika, amsugue mgongo. Bado hapumui? Barakoa ikae bila kuvujisha hewa, ampumulishe pumzi 40 kwa dakika, macho yawe kifuani kuona kama kinapanda. Niliandika kila neno. Kozi ni hiyo. Slaidi zimebaki 11, nyingine zimehamia sehemu ya kujisomea, naye ameridhia.

Saa 4. Naandika maswali kabla ya somo lenyewe, maana swali ndilo linalonionyesha somo liishie wapi. Rasimu iliuliza: "Dakika ya Dhahabu ina sekunde ngapi?" Hilo linapima kumbukumbu tu. Nimeweka hili: "Umemkausha, umemsugua mgongo, bado hapumui. Zimepita sekunde 45. Unafanya nini?" Majibu yasiyo sahihi nayachagua kwa uangalifu, yawe mambo ambayo mtu mwenye hofu hufanya kweli: kuendelea kusugua, kunyonya makamasi tena, kutoka mbio kumtafuta daktari. Anayekosea haambiwi "si sahihi" pekee. Anaonyeshwa mtoto atakuwa katika hali gani sekunde 30 baadaye.

Saa 7, wali na maharage.

Saa 8 mchana. Kurekodi sauti. Dakika 4 za sauti, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hazifiki MB 2. Dakika zilezile za video, hata kwa megabiti 1 tu kwa sekunde, ni MB 30. Kwa hiyo video nimeibakiza mahali pamoja: sekunde 40 za vidole vikishika barakoa usoni mwa mdoli, kwa sababu hapo maneno hayatoshi. Majaribio ya Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu, na wenzake yameonyesha kwamba picha na sauti vikienda pamoja, kurudia maneno yaleyale kwenye kioo humfanya mwanafunzi ajifunze kidogo zaidi. Lakini wodini simu haipigi kelele, na asiyeweza kusikiliza atahitaji kusoma. Maandishi nimeyaficha nyuma ya kitufe, anayeyataka atabonyeza.

Saa 10. Muuguzi mmoja amemaliza zamu, amekubali kunijaribia. Nakaa pembeni yake, sisemi kitu, na kukaa kimya huko ndiko kugumu kuliko kazi zote za leo. Mwishoni kioo kinaandika "Umekamilisha moduli." Akanigeukia: "Mwanangu, hapa nimefaulu au nimefeli?" Kisha akarudi kwenye picha. "Na hii barakoa siyo tuliyonayo kabatini."

Saa 1 usiku. Napanga kila kitu kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, masomo yaweze kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Cheti nimekifunga. Kitafunguka pale tu mkufunzi wa kituoni atakapothibitisha kwamba amemwona muuguzi akimpumulisha mdoli kwa mikono yake. Simu inaweza kumwandaa mtu, lakini mkono unazoea kwa kushika, na sitakubali kozi yangu iseme vinginevyo.

Saa 3. Namtumia yule mama ujumbe, nikimwomba picha ya barakoa zao. Imefika baada ya robo saa: mbili, ya namba 0 na ya namba 1, juu ya kitambaa cha kijani. Nimeipunguza mpaka KB 180 na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Kwenye simu ndogo imefunguka papo hapo.