Siku Moja Maishani Mwangu: Muuguzi na Majeruhi wa Kichwa

Saa moja na nusu asubuhi tunapokea ripoti ya zamu ya usiku katika idara ya dharura, hapa Dar es Salaam. Kijana wa bodaboda aliyeanguka jana jioni ana alama zote 15 katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho huhesabu alama 13 hadi 15 kuwa jeraha dogo la ubongo, na picha ya CT ya ndani ya kichwa haioneshi damu wala ufa. Daktari amemruhusu. Kwangu kazi inaanzia hapo, kwa sababu mgonjwa anayeambiwa tu kwamba picha ni safi hujihesabu mzima, na kichwa kikiendelea kumuuma wiki nzima huanza kudhani kwamba amefichwa jambo, au amerogwa.

Saa tatu ninaketi naye pamoja na mama yake, maana mtu aliyeumia kichwa husahau upesi anayoambiwa. Ninawaeleza kwamba kizunguzungu, kuchoka haraka, kukerwa na mwanga au kelele na hasira za ghafla hutokea mara nyingi, na kwamba watu wazima wengi hupona ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu.

"Sista, nisimwache alale?" anauliza mama. Swali hili halinikosi.

"Mwache alale, mama, usingizi unamsaidia kupona. Ila usiku wa leo mwamshe kama daktari alivyoelekeza, uone kama anakujibu sawasawa."

Mjadala mrefu ni wa pikipiki, kwa kuwa hesabu ya tajiri mwenye pikipiki haisubiri. Ninamweleza kijana kwamba kwa sasa mwitikio wake barabarani ni mzito, na pigo la pili kabla hajapona linaweza kuwa baya kuliko la kwanza. Apumzike siku moja au mbili, kisha atembee kidogo kidogo, dalili zikizidi apunguze mwendo, na asiguse pombe. Kujifungia gizani wiki nzima nako hakumfai. Mwishowe anakubali binamu yake aiendeshe.

Saa nane, kabla hawajaondoka, ninamwomba mama anirudishie kwa maneno yake dalili za hatari nilizowaeleza. Anataja kutapika mara kwa mara, degedege, maumivu yanayozidi, maneno kuvurugika na usingizi usioamshika. Anasahau mkono au mguu kulegea, nami ninaiandika dalili hiyo kwa Kiswahili nyuma ya karatasi ya ruhusa.

Saa tisa ninampigia simu mwalimu aliyeumia kichwa mwezi uliopita. Anafundisha vipindi viwili kwa siku, na kelele za darasani bado zinamchosha. Tumekubaliana abaki na viwili wiki hii, kisha aongeze cha tatu.